Kamusi ya Python kwa funguo za maneno: tathmini kutoka Lamu

Kwa mtu anayetengeneza programu za kuhesabia samaki, mizigo au abiria katika visiwa vya Lamu, haja kubwa huwa ni ile ile: kila kitu kihifadhiwe kwa jina lake, na jina likitajwa, hesabu yake ipatikane papo hapo. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inaitimiza haja hiyo kwa kifaa kimoja kilichomo ndani ya lugha yenyewe, nacho ni kamusi, ambayo katika msimbo, yaani maandishi ya programu, huitwa dict. Ninaitumia katika programu ya kuweka hesabu za samaki wanaopimwa dikoni, yaani pale vyombo vinaposhusha samaki, ambapo ufunguo ni jina la samaki na thamani ni jumla ya kilo. Hukumu yangu ni kwamba kwa kazi ya namna hii sijapata kifaa kilicho chepesi na cha kuaminika kuishinda. Hata hivyo, kamusi hii haijui Kiswahili wala lugha nyingine yoyote ya watu. Inajua herufi tu, na anayeilisha majina kama yalivyoandikwa na makarani mbalimbali atapata jumla zisizo sahihi bila kuonyeshwa hitilafu hata moja.

Kasi yake inatokana na hashi. Ufunguo kama "nguru" hupitishwa katika hesabu inayougeuza mfuatano wa herufi kuwa nambari moja kubwa, ya biti 64 katika kompyuta nyingi za leo, na biti za mwisho za nambari hiyo ndizo zinazoamua ni nafasi ipi ya jedwali itakayotazamwa kwanza. Karani wa posta hufanya vivyo hivyo anaposoma nambari ya sanduku kwenye bahasha na kuliendea sanduku hilo moja kwa moja, bila kuyapitia mengine. Kwa sababu hiyo, kamusi yenye majina 20 na kamusi yenye majina 200,000 hujibu kwa muda unaokaribiana, ilhali orodha ya kawaida ingebidi isomwe jina baada ya jina. Funguo mbili zikiangukia nafasi moja, biti zilizosalia hutumiwa kutafuta nafasi nyingine, na ili migongano isizidi, jedwali haliachwi lijae kupita theluthi mbili: jedwali dogo la nafasi 8 hupokea funguo 5, na ufunguo wa 6 unapoingia, jedwali hupanuliwa.

Funguo za maneno zina faida yake ya ziada. Mfuatano wa herufi katika Python haubadiliki ukishaundwa, kwa hiyo hashi yake huhesabiwa mara moja na kuhifadhiwa ndani yake; programu inayouliza habari za "changu" tena na tena kwa mfuatano ule ule hailipi gharama ya hesabu hiyo kila mara. Aidha, kamusi hutazama kwanza kama ufunguo ulioulizwa ni kitu kile kile kilichomo katika kumbukumbu ya kompyuta, na isipokuwa hivyo ndipo inapolinganisha hashi na hatimaye herufi zenyewe.

Jambo ambalo wasiokuwa wataalamu hulifurahia zaidi ni mpangilio. Zamani majina yalitoka katika kamusi bila utaratibu unaoweza kutabiriwa. Mwaka 2012 Raymond Hettinger, mmoja wa watengenezaji wa Python, alipendekeza muundo mpya, ambao funguo na thamani hupangwa kwa kufuatana katika safu iliyoshikamana, na jedwali lenye nafasi tupu hubaki na nambari ndogo za kuelekeza tu. Muundo wa namna hiyo uliingia katika Python 3.6 mwishoni mwa mwaka 2016, ukapunguza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 20 hadi 25 ukilinganishwa na 3.5, na tangu Python 3.7 ya mwaka 2018 imekuwa ahadi ya lugha kwamba funguo zitatoka kwa utaratibu ulioingia. Kwetu sisi maana yake ni kwamba ripoti ya jioni inawataja samaki kwa mfuatano ule ule wa daftari la karani, na mwenye chombo anaweza kuyaweka mawili hayo kando kwa kando na kuyakagua mstari kwa mstari. Imani ya watu kwa programu hujengwa na mambo kama hayo.

Usalama wake nao unastahili kusifiwa. Mwishoni mwa mwaka 2011, katika mkutano wa Chaos Communication Congress mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha jinsi mtu mwenye nia mbaya anavyoweza kuipelekea seva funguo nyingi zilizochaguliwa kwa makusudi ili zote zigongane, hata seva ikaelemewa. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, hashi ya maneno huchanganywa na nambari ya siri inayobadilika kila programu inapoanzishwa. Na tangu 3.4 ya mwaka 2014 hesabu inayotumika ni ya jamii ya SipHash, iliyobuniwa na Jean-Philippe Aumasson na Daniel J. Bernstein. Matokeo yake ni kwamba hashi ya "pweza" ya leo si ile ya kesho, kwa hiyo asitokee mtu wa kuiandika katika faili na kuifanya kitambulisho cha kudumu.

Sasa nije kwenye funguo zenyewe, kwa maana hapa ndipo kamusi inapomdai mtumiaji wake uangalifu. Kamusi huzihesabu funguo mbili kuwa moja pale tu herufi zake zinapolingana moja kwa moja, msimbo kwa msimbo. Chukua neno "ng'onda". Karani anayeandika kwa kibodi ya kompyuta huweka ritifaa iliyonyooka, ambayo katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi msimbo wake wa nambari, ni U+0027. Programu nyingi za kuandikia na baadhi ya simu huibadilisha zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, U+2019. Na anayezingatia kanuni za uchapaji wa lugha huenda akatumia U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi kamili. Zikichapishwa, ni rahisi jicho lisitofautishe. Ndani ya kamusi ni samaki wa aina tatu, kila mmoja na kilo zake. Ongeza hapo nafasi tupu iliyosahaulika mwishoni mwa jina, herufi kubwa ya mwanzo, na "kolekole" inayoandikwa na wengine "kole kole", na utaona jinsi jumla ya siku moja inavyoweza kutawanyika pasipo mtu kujua.

Wengi hushauri kwamba maneno yapitishwe katika unicodedata.normalize, funksheni ya Python ya kusawazisha maandishi ya Unicode, kabla ya kufanywa funguo. Ushauri huo ni mzuri kwa herufi kama é, ambayo inaweza kuandikwa kwa msimbo mmoja au miwili, lakini hauigusi ritifaa hata kidogo: kwa NFC na hata NFKC, maumbo mawili ya usawazishaji huo, zile tatu hubaki tatu. Kwa mwandishi wa Kiswahili, ambaye ng' ni sauti yake ya kila siku, ushauri huo peke yake hautoshi. Ninachopendekeza ni funksheni moja fupi ambayo kila jina lazima lipitie, wakati wa kuingizwa na wakati wa kuulizwa vilevile: ibadilishe ritifaa zote ziwe U+0027 kwa str.translate, iondoe nafasi tupu za pembeni na kuzipunguza za katikati kwa " ".join(jina.split()), kisha iite casefold ili herufi kubwa na ndogo zisitofautiane. Jina kama lilivyoandikwa na mwenyewe lihifadhiwe upande wa thamani, ili likionyeshwa tena lionekane kwa heshima yake.

Lamu ina sura yake nyingine ya suala hili. Kiswahili kimeandikwa hapa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na anayetaka kuorodhesha miswada ya zamani kwa kamusi atakutana na kibodi zinazohitilafiana. Kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina pe wala che kama herufi za kawaida, kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili huvutwa kutumia kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu, ambazo herufi hizo zinazo. Lakini kibodi hizo huandika kafu kwa U+06A9 badala ya U+0643, na ye kwa U+06CC badala ya U+064A. Katika neno lililoungana herufi hizo hufanana mno, ila kwa kamusi hazina undugu wowote, na NFC haiziunganishi. Inachokisaidia NFC ni harakati, yaani alama za matamshi zinazowekwa juu au chini ya herufi: shada na fataha zilizowekwa juu ya herufi moja hupangwa kwa utaratibu mmoja, bila kujali ipi iliandikwa kwanza. Herufi zenyewe zinahitaji jedwali la kubadilishia alilolitengeneza mtu anayeisoma lugha hiyo.

Kusafisha herufi, hata hivyo, si sawa na kuunganisha majina. Karani mmoja anaandika "kamba mawe" na mwingine "kamba" tupu, na huyo wa pili huenda alikusudia samaki mwingine kabisa. Hakuna msimbo utakaoliamua hilo. Nimeona ni bora kuweka kamusi ya pili, ambayo funguo zake ni majina kama yanavyotajwa katika kila diko na thamani zake ni jina moja lililokubaliwa, na kuwaachia wavuvi na wapimaji wenyewe waijaze. Wao ndio wenye bahari.

Upungufu ninaouona katika kifaa chenyewe ni kwamba hakimruhusu mtumiaji kukabidhi kanuni yake ya kulinganisha. Dictionary, kamusi ya lugha ya programu ya C#, iliyokuja na .NET 2.0 mwaka 2005, inaweza kuundwa ikiwa imepewa kilinganishi kama StringComparer.OrdinalIgnoreCase, na tangu hapo tofauti ya herufi kubwa na ndogo husahaulika. Katika Python mtu hulazimika kuifunika kamusi kwa klasi yake mwenyewe, yaani aina mpya ya kitu anayoiandika, naye akirithi dict moja kwa moja atagundua kwamba get na update hazipitii zile __getitem__ na __setitem__, za kusoma na kuandika thamani, alizoziandika upya. Arithi UserDict ya moduli ya collections badala yake, kwani imetengenezwa kwa kazi hiyo. HashMap, kamusi ya lugha ya Java, haimpi mtumiaji kilinganishi wala haiahidi mpangilio wowote, kwa hiyo kwa mahitaji yetu sikuiona kuwa bora.

Ufunguo usiokuwemo huleta hitilafu iitwayo KeyError, na hilo ni jema, kwa kuwa kosa linaloonekana hurekebishwa. Palipo na haki ya kujibu sifuri, tumia get na uipe 0 kama jibu la akiba. Tahadhari iwepo kwa defaultdict, kamusi inayojitengenezea thamani ya ufunguo usiokuwemo: kule kuulizwa tu kwa mabano ya mraba huiingiza jina jipya, na jina lililokosewa na muulizaji huonekana jioni katika ripoti kama samaki aliyepimwa kilo sifuri. Kwa kujumlisha kilo ninaipendelea Counter, kamusi ya kuhesabia, ambayo hujibu sifuri bila kuongeza kitu. Ijulikane pia kwamba anayeandika kamusi kwa mkono katika msimbo na kurudia ufunguo mmoja mara mbili haonywi. Thamani ya mwisho huifuta ya kwanza kimyakimya. Na "7" iliyosomwa kutoka faili ya maandishi si 7 ya hesabu, kwa hiyo nambari za vyombo zibaki kuwa maneno tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa utafutaji wa mwanzo wa jina, kwa mfano samaki wote wanaoanza na "ko", kamusi haisaidii, maana hashi haijali ujirani wa herufi. Hapo orodha iliyopangwa pamoja na moduli ya bisect, inayotafuta kwa kuigawa orodha nusu kwa nusu, hufanya vizuri zaidi. Kamusi pia huishi katika kumbukumbu ya kompyuta pekee, na umeme ukikatika hesabu za siku hupotea zisipoandikwa kwenye diski. Moduli ya shelve hutoa kamusi ya diskini yenye funguo za maneno, lakini hutegemea pickle, njia ya Python ya kugeuza vitu vya programu kuwa faili, na faili ya namna hiyo haifai kufunguliwa ikiwa imetoka kwa mtu usiyemwamini, kwa sababu inaweza kuendesha msimbo wake. Kwa hesabu za msimu mzima, kaskazi na kusi, ninazihifadhi katika SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, ambayo moduli yake imo ndani ya Python tangu 2.5, kwa safu ya majina isiyoruhusu marudio. Programu inapoanza, majina hayo husomwa na kujazwa katika kamusi, yakiwa yamepitia funksheni ile ile ya kusafisha.