Baikaboneti si magadi: ununue nini cha kuumulia ukiwa Mtwara

Keki ya bethidei ya mtoto wa jirani, mayai sita ndani yake, ilitoka kwenye oveni imekoza kahawia, na ukiionja unasikia sabuni ya mche. Mapishi yalitaka soda ya kuokea. Duka moja karibu na Soko Kuu nikaomba magadi soda, muuzaji akachota kijiko kwenye ndoo, akafunga kwenye nailoni. "Ndiyo yenyewe hiyo, dada." Kumbe ni magadi ya kulainishia maharage, yametwangwa.

Jina ndilo linalotuponza. Magadi ya mawe, kama yale ya Ziwa Natron, ni kaboneti na baikaboneti kwa pamoja. Kaboneti ni kali, na ile ladha ya sabuni inatoka kwake. Ya keki, yaani soda ya kuokea, ni baikaboneti tupu.

Basi geuza pakiti, usome mgongoni. Usitosheke na E500, namba ya kiongezeo cha chakula. Namba hiyo wamepewa ndugu watatu: E500(i) ni kaboneti, E500(ii) ni baikaboneti, E500(iii) ni mchanganyiko wao, yaani ndugu wa magadi yetu. Unayoitaka ni ya pili. Kama pakiti haina hata maandishi, mimi siinunui, na bei nafuu hainishawishi.

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, chukua hamira, kwa sababu maandazi ndiyo yanayolipa. Hapo nina upande: Saf-instant, ya Lesaffre wa Ufaransa, watu walioanza kazi mwaka 1853. Nyekundu ni ya mikate ya kawaida, ya dhahabu ni ya unga wenye sukari nyingi. Sukari ikizidi huifyonza hamira maji, ikazubaa, ndiyo maana wengine wanalala na maandazi kama mawe halafu wanalaumu ngano. Pakiti ya nusu kilo iwe ngumu kama tofali. Ikibonyea, hewa imeshaingia. Ukishaifungua, iweke kwenye chupa yenye kifuniko, ndani ya friji. (Bibi yangu wa Mikindani aliumua vitumbua kwa tembo la mnazi na hakusoma pakiti yoyote, lakini tembo lile lilikuwa la asubuhi ileile.)

Ya pili, beking pauda ya kopo. Ina baikaboneti, tindikali na wanga, na unyevu wa pwani yetu huiamsha kabla hujaitumia. Tia kijiko kwenye maji ya moto: isipochemka povu, usiihangaikie. Imekuishia? Kijiko kimoja cha chai kinabadilishwa na robo kijiko cha baikaboneti na nusu kikombe cha mtindi, ukipunguza maji au maziwa kwa kiasi kilekile. Krimu ya tata (cream of tartar), tindikali ya unga wanayoiandika Wazungu, sijaiona hapa, na siifuati hadi Dar.

Ya tatu ni baikaboneti yenyewe, pakiti yenye maandishi. Peke yake haiumui vizuri, inataka kitu kichachu: mtindi, limau au siki. Mapishi yakitaka maziwa ya siagi (buttermilk), kikombe cha maziwa na kijiko kikubwa cha limau, subiri dakika 10.

Za kupimiwa kwenye nailoni: hapana.

Na wanaotaka unga wa lozi, saga korosho, ila usisage sana, zitakuwa siagi. Kinachoniuma ni bei. Mikorosho iko nyuma ya nyumba zetu, tunaipalilia na kuipulizia salfa, halafu zilizobanguliwa ukizitaka gengeni, bei utadhani zimekuja kwa meli.

Ile nailoni nilimrudishia mwenye duka. Akaitazama, akaimwaga tena kwenye ndoo. "Wenzako wanachemshia maharage, hawajalalamika."