Saa ya spidi ya dijitali kwenye Honda CG ya zamani: muuzaji alisema inaingia pikipiki zote

Nianze na bei maana najua ndo mtakachouliza. Elfu 85 Kariakoo, alianza laki na ishirini tukavutana pale kama nusu saa hivi mpaka akasema "chukua bosi wangu, ila hapo mi sijapata kitu". Fundi elfu 25. Kofia ya plagi elfu 5 ambayo sikuwa nimeipangia kabisa. Na faini ya trafiki elfu 30 ambayo nayo naihesabu humohumo kwenye gharama za hii saa, nitawaeleza.

Pikipiki ni Honda CG125, kadi inasema 1987, ilikuwa ya mjomba akiiendea kazini kule Kilosa enzi zake za ualimu. Injini ya CG hata usipoijua kwa jina umeshaipanda, Honda waliitoa 1976, ni ile ya fito za kusukuma valvu, haina cheni ya taimingi, na Wachina wameikopi hiyohiyo kwenye bodaboda kibao zilizojaa mjini hapa. Mi nimeifanyia vurugu zangu: siti nimekata, usukani nimeshusha chini, na mbele nimevua kila kitu nikaweka shokapu na tairi la pikipiki ya Pulsar iliyogongwa kwa nyuma, kwa hiyo mbele ilikuwa nzima kabisa, diski breki, rimu ya 17. Inapendeza aisee. Tatizo saa ya zamani ya CG inaendeshwa na waya unaozungushwa na gia ndogo iliyoko ndani ya habu ya mbele, sasa ukibadili habu ule waya unabaki unaning'inia hauna kazi. Nikakaa karibu mwaka natembea kwa kusikiliza mlio tu.

Ndo nikanunua hii. Ni saa ya duara, ukubwa wa kopo la kiwi kubwa, ya Mchina, haina jina la maana. Ndani ya boksi kuna saa yenyewe, sensa yenye waya kama mita moja, sumaku mbili ndogo, vibati vya kufungia, na karatasi ya maelekezo yenye Kichina na Kiingereza ambacho hata Mwingereza atakikimbia. Muuzaji anasema "hii kaka inaingia pikipiki zote, unachomeka tu unaondoka". Hiyo kauli ishike, nitairudia.

Kabla ya yote angalia volti. Yangu ni ya 12 nikashukuru Mungu, ila CG za mwanzo zilikuwa volti 6 na hizi saa nyingi zinataka 12, kwa hiyo kama yako ni ya 6 usinunue kwanza, malizana na chaji na betri.

Sasa nyaya. Hapa ndo sisi tulipopigia kelele. Kwenye saa nyingi za Mchina waya mwekundu ni moto (chanya) na mweusi ni bodi (hasi), kila fundi anajua hivyo tangu anazaliwa. Kwenye Honda waya mweusi NDO MOTO, ule unaopata umeme ukiwasha swichi, na bodi ni wa kijani. Fundi niliyempata ni kijana mzuri tu, mkono wake mwepesi, akachukua mweusi wa saa na mweusi wa pikipiki akavisokota pamoja akavibana kwenye bolti ya fremu, nikamwambia "dogo una uhakika?" akasema "braza nyeusi ni nyeusi". Akawasha swichi, pah, fyuzi. Akaweka fyuzi nyingine, pah. Alipotaka kuweka waya wa shaba badala ya fyuzi ya tatu ndo nikamshika mkono. Tukatoa mita ya umeme tukaanza kupima mmoja mmoja kama watu wazima, na rangi zikatoka hivi: mweusi moto wa swichi, kijani bodi, machungwa indiketa ya kushoto, bluu mpauko ya kulia, bluu iliyokolea taa ya fulu, kijani mpauko wenye mstari mwekundu ni nyutro. Andika pembeni kama una Honda ya zamani, itakusaidia. Lakini bado upime, maana pikipiki ya miaka yote hiyo imeshapita kwa mafundi wangapi, yangu ina sehemu waya umeungwa na kipande cha waya wa redio.

Kingine, usichukue umeme wa saa kwenye waya wa taa kubwa ya mbele. Hizi za zamani nyingi taa kubwa inakula umeme unaotoka moja kwa moja kwenye koili ya injini na sio kwenye betri, ukiunga saa pale itakuwa inapepesa kila ukishusha moto na siku moja itakufa.

Sumaku tuliibandika kwenye diski, upande wa ndani karibu na bolti, na sensa kwenye kibati cha kalipa, ile inayobana diski. Ile nafasi kati yao iwe milimita tatu mpaka tano hivi, mi nilipimia funguo ya pikipiki, ikipita katikati inagusagusa basi hapohapo. Tukazungusha tairi kwa mkono namba zikacheza, tukapeana tano, nikalipa, nikaondoka. Kosa langu mimi.

Kwa sababu hizi saa zinatoka kiwandani zikiwa zimesetiwa mzunguko wa tairi wa kwao wenyewe. Yangu ilikuja na milimita 1,300, hiyo nadhani ni tairi ya skuta ndogo. Saa haijui mwendo, inachojua ni sumaku imepita mara ngapi, halafu inazidisha na ile namba uliyoipa. Sasa tairi langu mzunguko wake ni 1,840, maana yake kila nikizunguka mara moja saa inanipunja zaidi ya nusu mita. Mi sijui hilo. Kwa wiki nzima nikawa naona pikipiki imekuwa nzito, nakaba mpaka mwisho inasoma 65, nikaanza kumsumbua fundi kabureta imeziba, tukaifungua kabisa tukaisafisha, haina kitu!

Jumamosi nimepita Bunju naelekea Bagamoyo, kwenye kibao cha 50, naangalia saa inasoma 49, najiona raia mwema wa kupigiwa mfano. Mbele afande ananyoosha mkono. "Kijana, 69." Nikamwonyesha saa yangu mpya inavyong'aa, afande mi nilikuwa 49, akaiangalia vizuri tu bila hasira akasema "basi mwambie hiyo saa ikulipie". Nikalipa mwenyewe.

Jioni ile ndo nikafanya kitu ambacho kilitakiwa kifanyike siku ya kwanza. Jaza upepo kwanza. Piga alama ya chaki kwenye tairi inapogusa chini na kwenye sakafu pia, kaa juu ya pikipiki kabisa kwa uzito wako, mtu akusukume taratibu mnyoofu mpaka ile chaki ya tairi irudi chini, piga alama ya pili, pima kwa futi kamba. Mi nilipata milimita 1,840. Ukienda kwa hesabu ya maandishi ya tairi, langu ni 90/90-17, kimo ni 81 (asilimia 90 ya 90), mara mbili 162, ongeza rimu ya inchi 17 ambayo ni 431.8, unapata 593.8, zidisha kwa 3.14 inakuja 1,865 hivi. Tofauti inatokana na tairi kubonyea ukikaa, ni kidogo sana, kwa hiyo hata hesabu tupu inatosha, ila chaki ni tamu zaidi na mtoto wa jirani alifurahi kusukuma. Kuseti ni kubonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja mpaka namba zianze kuwaka na kuzima. Nikalinganisha na GPS ya simu, 60 kwa 60, wakati mwingine 61. Hapo ndo nilipoanza kuipenda.

Mizunguko ya injini kwa dakika, ambayo saa inaionyesha pia, nayo ilileta vituko. Kuna waya wa kuzungushia kwenye waya wa plagi, mara tano au sita, usiunge. Ya kwangu ikawa inasoma 2,800 pikipiki imesimama, wakati CG sailensa yake, yaani ikiunguruma bila kukabwa, ni kama 1,400. Kumbe plagi ya hii injini inapiga cheche kila mzunguko, na saa ilisetiwa kwa inayopiga mara moja kwa mizunguko miwili, ukibadili inatulia. Lakini kilichonitesa zaidi, kila nikivuta mafuta spidi inaruka, 40, 118, 0, 43, kama imepagawa. Nikajua nimeuziwa kimeo. Fundi mwingine mzee, huyu wa nyaya za magari, akaangalia dakika moja akauliza plagi yako imeandikwaje, nikasoma D8EA, akasema tafuta yenye R, DR8EA, au badili kofia weka yenye rezista ya kilo-ohmu 5. Ile cheche ikipiga bila rezista inatoa makelele ya umeme yanaingia kwenye saa. Nikaweka kofia, elfu 5, makelele kwisha. Huyo mzee hakuchukua hata mia, alikunywa soda tu.

Mageji mengine niseme haraka. Indiketa, fulu, nyutro zinawaka poa. Geji ya mafuta haifanyi kazi na haitafanya, CG ya zamani haina floti (boya la kupimia mafuta) kwenye tenki, ina koki ya rizevu tu, kwa hiyo ule mchoro wa pampu unawaka na kuzima siku nzima kukwambia umeishiwa. Fundi wa kwanza alijitolea kuniwekea rezista ionekane imejaa muda wote. Nikakataa, bora kelele kuliko uongo.

Mwendo wa polepole inasuasua. Sumaku ni moja kwa hiyo kwenye foleni ya Ubungo saa inaonyesha 0, 7, 0, 6, maana inasubiri sumaku ipite ndo ijue kitu. Ukiwa 30 kwenda juu iko laini. Nataka kuongeza sumaku tatu zaidi nigawe sawasawa kwenye diski halafu niiambie saa ziko nne, setingi hiyo ipo.

Jua la saa saba mchana husomi kitu, lazima ukinge kwa mkono, na ukivaa yale mawani meusi ya polaraizi kioo kinageuka cheusi tii ukiinamisha kichwa. Usiku lakini, dah, usiku ni harusi. Mvua ya kwanza iliingiza mvuke ndani ya kioo, nikapaka silikoni kwenye maungio nikaacha kitundu chini ipumue, mvua mbili zimepita bado kikavu.

Kilomita zinaanzia sifuri, na zile 400 za mwanzo imezihesabu 283 kwa sababu ya ile setingi. Ya zamani iliishia 61,482, nimeiandika kwa makapeni nyuma ya kava la betri ili siku nikiuza nisije nikaonekana tapeli.

Mjomba alikuja mjini mwezi uliopita akaizunguka pikipiki yake mara mbili kimya. Siti hakuuliza, usukani hakuuliza. Akapanda, akawasha, akasema "mshale uko wapi?" Nikamweleza namba zile. Akasema zamani alikuwa hasomi, anaona tu mshale umelala upande gani anajua. Kwa hilo sina jibu, kweli mshale unauona bila kutazama na namba lazima uisome, na kwenye barabara zetu zenye matuta yasiyo na alama hiyo nusu sekunde sio ndogo.

Nilirudi dukani kutafuta sumaku za kuongeza. Yule muuzaji alikuwa anamwambia jamaa mwenye Yamaha DT inaingia pikipiki zote unachomeka tu. Nikamvuta jamaa pembeni nikamuuliza kama nyumbani ana chaki.