Uzoefu wangu: nilivyoweka taa za LED kwenye Vespa PX isiyo na betri

Vespa yangu ni PX 150 ya miaka ya 80, aliniachia ami yangu. Haina betri. Umeme wote unatoka kwenye koili zilizo nyuma ya sumaku inayozungushwa na injini, kwa hiyo taa inafuata resi: ukivuta unaona njia, ukipunguza giza. Mnaokwenda Paje, Unguja, usiku mnayajua matuta ya barabarani ya Jozani. Mimi nilikuwa nabana klachi huku navuta resi nione tuta linaishia wapi, na kila aliyekuwa nyuma yangu alidhani nataka kushindana.

Glopu ya LED ya mbele niliipata Darajani kwa shilingi 18,000, na nyekundu ya nyuma kwa 5,000. Muuzaji aliniambia, "Unachomeka tu, bosi." Kwenye boksi wameandika wati 60. Hilo lisiwatishe wala lisiwafurahishe, maana nilipoipima baadaye kwa mita ilikuwa inakula wati 9 tu.

Kufungua si kazi. Kuna skrubu nne chini ya usukani, halafu unachomoa kebo ya spidimita na kofia ya usukani inanyanyuka. Kwangu moja ilikuwa imekula kutu, nikaidondoshea dizeli nikaiacha mpaka asubuhi. Humo ndani nilikuta waya zimefungwa kwa plasta ya kidonda. Ami alikuwa nesi, sikushangaa.

Nikachomeka, nikapiga kiki. Taa ikawaka inapepesa kama ya disko! Nikimulika ukutani macho yanauma. Nikaisukuma Vespa hadi kwa fundi mmoja mzee mtaani kwetu, akaitazama taa bila hata kushika bisibisi.

"Mwanangu, taa haina kosa. Unailisha umeme unaokwenda na kurudi, na yenyewe inataka unaokwenda tu."

Nikanunua regyuleta ya pikipiki, ile inayozuia volti isizidi, yenye rektifaya ndani, yaani kinachogeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa kwenda tu: waya mbili za manjano za kuingiza, nyekundu na kijani za kutoa. Shilingi 25,000. Nikafunga njano moja kwenye waya wa koili, ya pili nikaigusisha kwenye bodi, yaani chuma cha Vespa yenyewe. Baada ya dakika tano regyuleta ilikuwa haishikiki kwa moto, na taa bado inapepesa.

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Kwenye PX kama yangu, ncha moja ya koili ya taa imechomewa kwenye bodi tangu kiwandani. Regyuleta ya namna hii inataka ncha zote mbili ziwe huru. Ukiiacha moja kwenye bodi, nusu ya umeme inazunguka bure ndani ya regyuleta na kuichemsha. Kwa hiyo ni lazima ufungue sumaku, uibandue ile ncha, uichomee waya wake kwa risasi ya kuunganishia waya na kuutoa nje pamoja na zile nyingine. Azima pula ya kuvutia sumaku. Ukiigonga sumaku kwa nyundo utaiharibu, na ukiitia bisibisi pembeni utakata koili. Kabla ya kufunga, pima kwa mita kati ya kila ncha na bodi: pasiwe na mawasiliano yoyote.

Nikaongeza na kapasita ya volti 25, mikrofaradi 4,700, niliyoitoa kwenye redio mbovu, ili umeme utulie taa isipepese kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kuvuta resi. Nilipopiga kiki safari hii mwanga ukasimama tuli, sumaku ikizunguka polepole au mbio. Kwenye tuta sasa naona mpaka kokoto.

Lakini honi ilikufa. Ukibonyeza inasema "tak" mara moja basi, kwa sababu ile ya asili ni ya umeme wa kwenda na kurudi. Nimeweka ya bodaboda, 8,000, inalia kuliko umri wa Vespa yenyewe.

Glopu ya mbele naipa 3 kati ya 5. Inamulika vizuri lakini inatawanya mwanga juu, wanaokuja mbele wakawa wananiwashia fuli mpaka nilipoiinamisha taa. Kwenye mvua mweupe wake haufai, glopu ya njano ya zamani ilinionyesha mbali zaidi. Ya nyuma ni 5 kamili, ila chukua nyekundu. Nyeupe nyuma ya kioo chekundu inatoa rangi ya waridi iliyofifia.

Indiketa bado. Flasha ya zamani, kile kifaa kinachozifanya zikonyeze, nayo imegoma, zinawaka moja kwa moja bila kukonyeza, na bado natafuta flasha itakayokubali. Kwa sasa natoa mkono.