Mipira ya mashindano ya mtaani Dodoma: ununue ipi ili ada ya timu ishuke

Mashindano ya mtaani, iwe Nkuhungu, Ipagala au Chang'ombe, mara nyingi huja na sharti hili: kila timu ilipe ada na ije na mpira wake. Waandaaji hulichukulia kama jambo dogo, lakini ndilo linaloziondoa timu changa mapema. Vijana kumi na nne wanaochangishana buku buku wanaweza kufikisha ada, ila ada pamoja na mpira mpya ni mzigo mwingine kabisa. Zikishafika timu kumi na sita, uwanjani kuna mipira kumi na sita isiyolingana, na kila kapteni anataka uchezwe wa kwake.

Ushauri wetu kwa mwandaaji ni kufuta sharti hilo, anunue mwenyewe mipira michache iliyo sawasawa, na gharama yake aiingize kwenye ada. Hesabu inakubali, mradi mpira wenyewe uwe wa aina inayoendana na ardhi ya huku. Mashindano mengi hupangwa baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, wakati mvua ya Dodoma imeshakatika, ardhi imekauka kama sakafu, changarawe iko juu na upepo unavuma mchana kutwa. Kuna pia miiba ya migunga na mbigili. Mpira unaosifiwa kwa wanaochezea nyasi za uwanja wa Jamhuri unaweza usimalize wiki kwenye kiwanja cha shule ya msingi.

Hii ndiyo orodha yetu, kuanzia tunaoupendekeza zaidi.

1. Mpira wa kushonwa kwa mkono, ngozi ya PU (ngozi bandia laini), blada ya butili (mfuko wa ndani wa upepo, wa raba)

Huu ni ule wa vipande 32: vya pembe sita 20 na vya pembe tano 12. Mipira mingi ya namna hii duniani hushonwa Sialkot, Pakistani. Tunauweka wa kwanza kwa sababu moja kubwa: unatengenezeka. Mshono ukifumuka, fundi viatu anaushona kwa sindano na uzi wa nta. Blada ikipancha, anafumua mshono wa vipande viwili au vitatu karibu na valvu, anaitoa blada, fundi baiskeli anaibandika kiraka kwa solusheni, inarudishwa na kushonwa. Mipira ya aina nyingine hapa chini haikubali matengenezo hayo, au inayakubali kwa shida.

Dukani, bana mshono kwa vidole gumba viwili, uvute vipande huku na huku. Mshono wa mkono umezama ndani na unakaza, uzi hauonekani kirahisi. Wa mashine hufunguka na uzi kuchungulia. Kisha bonyeza ngozi kwa kidole. PU hurudi taratibu na kubaki laini, wakati PVC, ile plastiki ya kawaida, huacha mikunjo midogo inayong'aa na hunuka plastiki. Muulize muuzaji kuhusu matabaka ya kitambaa chini ya ngozi. Matatu ni ya kuridhisha, manne ni bora, kwa kuwa hayo ndiyo yanayozuia mpira kuvimba upande mmoja kama boga.

Blada iwe ya butili. Ya lateksi ina mdundo mtamu zaidi, lakini huvuja yenyewe na itakubidi ujaze upepo kabla ya kila mechi. Ya butili hukaa na upepo kwa wiki kadhaa. Kwa mwandaaji mwenye mechi nne kila Jumamosi na pumpu moja, hapo hakuna mjadala.

2. Mpira wa kushonwa kwa mashine, ngozi ya TPU

Unafaa kwa hatua ya makundi kama bajeti imebana. TPU ni ngozi bandia ngumu kuliko PU na inavumilia changarawe vizuri, ila mguuni ni mkavu na mlinda mlango asiye na glavu atalalamika. Udhaifu wake uko kwenye uzi. Uzi wa mashine unakaa karibu na uso wa mpira, kwa hiyo husagika mapema. Ukiona nyuzi zimeanza kuwa na manyoya, upeleke kwa fundi siku hiyohiyo, maana mshono mmoja ukiachia, mitatu ya jirani hufuata ndani ya dakika tisini.

3. Mpira wa raba wa kumiminwa

Huu hauna mshono, mistari yake ni michoro tu. Ni wa bei nafuu, haujali changarawe, na kwa mazoezi ya watoto hauna mpinzani. Kwa mashindano ya wakubwa hatuupendekezi. Unadunda kupita kiasi kwenye ardhi ngumu, na upepo wa alasiri unauchukua. Krosi inageuka bahati nasibu. Mwiba ukipita, kiraka cha juu hakidumu.

Kama unaandaa mashindano ya walio chini ya miaka 12, nunua saizi namba 4 badala ya namba 5 ya wakubwa. Namba 4 ina mzunguko wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Waandaaji wengi hupuuza hili, wakaishia na watoto wanaoumia vifundo kwa kupiga mpira wa baba zao.

4. Mpira wa kuunganishwa kwa joto

Mwonekano wake ni wa televisheni: hakuna uzi, vipande vimegandishwa kwa gundi na joto. Unapaa vizuri kuliko yote iliyo hapa na hauingizi maji. Tumeushusha hadi nafasi ya nne kwa sababu ya kiwanja. Kwenye changarawe kingo za vipande huanza kubanduka, na zikishabanduka hakuna fundi wa kuzirudisha. Mwiba ukiingia, umekwisha. Kama fainali yako inachezwa kwenye nyasi, nunua mmoja kwa ajili ya siku hiyo tu.

5. Wa PVC unaong'aa wenye nembo kubwa

Usinunue, hata kama muuzaji anakupa mitatu kwa bei ya miwili. Ngozi hupasuka kwa jua, mpira huwa yai baada ya mechi chache, na mara nyingi alama ya ubora iliyochapwa ni ya bandia. Alama halali za FIFA ni tatu, yaani FIFA Basic, FIFA Quality na FIFA Quality Pro. Ukikuta maneno mengine yanayofanana na hayo, ujue umeletewa pambo.

Vipimo vya kufanya kabla ya kutoa hela

Beba utepe wa fundi cherehani na mzani mdogo wa jikoni. Muuzaji wa Majengo au Sabasaba akikukatalia kupima, hamia duka la pili. Jaza upepo kwanza, kisha:

Zungusha utepe mahali patatu tofauti. Namba 5 inatakiwa iwe sentimita 68 hadi 70. Tofauti kati ya vipimo vitatu ikizidi sentimita moja, mpira si mviringo. Uzito uwe gramu 410 hadi 450. Chini ya 400 utapeperuka, hasa kwa upepo wa Julai.

Udondoshe kutoka mita 2 kwenye zege, mwenzako akiwa amesimama na utepe ukutani. Mpira wa kiwango cha FIFA Quality hurudi juu sentimita 125 hadi 155. Ukirudi chini ya hapo, blada au upepo una tatizo. Ukipita, utaruka juu ya vichwa vya mabeki siku nzima.

Mwisho, uzungushe hewani ukiwa umeutupa juu kidogo. Ukiyumba, valvu haijawekewa uzito wa kusawazisha upande wa pili. Kasoro hiyo haitengenezeki.

Ukinunua jumla Kariakoo na kusafirisha, kubaliana mapema kwamba ule utakaoshindwa vipimo utarudishwa, na dai risiti. Bei ya jumla inavutia, lakini mipira kumi isiyo na wa kuirudishia ni ghali kuliko minne ya dukani hapa mjini.

Hesabu ya ada

Chukua mfano wa timu 16, makundi manne ya timu nne. Kila kundi lina mechi 6, jumla 24. Ongeza robo fainali 4, nusu fainali 2, mshindi wa tatu na fainali, unapata mechi 32. Mtoano wa moja kwa moja ungekuwa na mechi 15 tu, lakini nusu ya timu zingeenda nyumbani baada ya mchezo mmoja. Timu iliyolipa ada ikacheza mara moja hairudi mwaka ujao. Kwenye makundi kila mtu ana uhakika wa mechi tatu.

Tuseme mpira wa PVC ni shilingi 25,000 na unamaliza mechi tano. Kwa mechi 32 unahitaji saba, na wa akiba wa nane: shilingi 200,000. Tuseme wa kushonwa kwa mkono ni 65,000. Unanunua mitatu, miwili ya kupokezana na mmoja wa akiba unaotoka siku ya fainali: shilingi 195,000. Weka bei za soko la siku hiyo, mantiki haibadiliki. Gharama zinakaribiana, kama shilingi 12,000 na ushee kwa kila timu, ila aliyenunua ya kushonwa kwa mkono anamaliza mashindano akiwa na mipira mitatu hai. Msimu wa pili kipengele cha mipira kwenye ada kinabaki kuwa hela ya fundi tu.

Kuitunza isife kabla ya fainali

Kinachoua mipira Dodoma kuliko mateke ni miiba, na dawa yake ni ya bure. Asubuhi ya mechi, chukua blanketi kuukuu au gunia la mkonge, weka tofali mbili juu yake, funga kamba, likokotwe uwanja mzima kwa mistari, kisha lipite tena kwa kukatisha. Mbigili hunasa kwenye nyuzi. Kiroba cha plastiki hakifai, kinateleza juu yake. Ondoa pia matawi ya mgunga pembezoni, kwa sababu mpira unaotoka nje ndiko unakopanchia.

Wengine humimina gundi ya maji ya matairi ndani ya blada kupitia valvu. Mililita 30 zinaongeza takribani gramu 30, kwa hiyo mpira wa gramu 430 unakuwa 460, umepita kiwango, na ukilala usiku kucha gundi inatuama upande mmoja. Badala yake fumua, bandika kiraka, shona.

Sindano ya pumpu usiiingize kavu. Ikwaruzapo valvu, ndipo uvujaji usioeleweka unapoanzia. Ilowanishe kwa maji au tone la glisirini. Mafuta ya mgando yaache, yanailainisha raba hadi inalegea.

Upepo unaoruhusiwa na sheria za mchezo ni psi 8.5 hadi 15.6 (psi na bar ni vipimo vya msukumo wa hewa vinavyosomwa kwenye geji). Kwa ardhi ngumu kaa chini, psi 9 hadi 10, yaani bar 0.6 hadi 0.7. Pima dakika chache kabla ya mechi, siyo asubuhi. Mpira uliojazwa bar 0.8 saa moja asubuhi kukiwa na baridi ya nyuzi 15, ukashinda kwenye buti la gari hadi hewa ya ndani ikafika nyuzi 45, utaukuta karibu 0.97. Ule uliojazwa Dar es Salaam ukapanda treni nao unaongezeka, kwa kuwa Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ya nje ni nyepesi. Ule 0.8 wa Dar unasoma kama 0.92 ukishafika. Geji ya sindano ni kitu kidogo, inunue pamoja na mipira.

Vitu vingine, kwa kifupi

Jezi: usilazimishe timu zije na seti mbili. Nunua vizibao vya wavu 14 vya rangi moja inayopiga kelele. Timu mbili zikifanana, zirushiane shilingi, itakayoshindwa inavaa.

Nyavu: ya polithini ya uzi wa milimita 3 inatosha. Ihamishie kivulini baada ya mechi, jua linaila kuliko mashuti.

Magoli ya mabomba yasiyochimbiwa ni hatari kuliko mchezo mbaya wowote, yanaangukia watoto wanaoning'inia. Mirunda iliyozikwa sentimita 60 ardhini ni nafuu na salama zaidi. Chokaa ya kupakia nyumba usiichoree mistari, inaunguza macho na vidonda vya magoti. Jivu linatosha kwa siku moja.

Zawadi ndiyo sehemu ambayo waandaaji huvimbisha. Ng'ombe mmoja kwa bingwa anapendeza kwenye bango, ila timu kumi na tano zimemchangia na hazitamwonja. Mbuzi kwa bingwa, na mpira mmoja wa daraja la kwanza kwa kila kinara wa kundi, huvuta timu nyingi zaidi. Mipira hiyo minne iagize pamoja na ile mitatu ya mechi, upate bei ya jumla, na yote ipimwe kwa utepe kabla haijatoka dukani.