Presha saluni: kinyozi ashauri tu, au mfamasia awepo?

Mwaka 2018 daktari Ronald Victor na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika saluni 52 za wanaume Weusi katika Kaunti ya Los Angeles, Marekani. Wateja 319 wenye presha ya juu walifuatwa palepale wanaponyolewa.

Katika baadhi ya saluni, kinyozi alimhimiza mteja kubadili mtindo wa maisha na kwenda kwa daktari. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 9.3. Si haba.

Kwingine mfamasia alifika saluni, akapima, akaanzisha dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja, kisha akarudi kufuatilia. Huko ilishuka kwa 27, na karibu wateja 64 kati ya 100 walifika chini ya 130/80. Upande wa ushauri walikuwa kama 12 tu.

Mimi nauunga mkono mpango wa mfamasia, ingawa unahitaji fedha zaidi. Ushauri mtupu humwachia mgonjwa sehemu ngumu kuliko zote: kupata dawa sahihi na kuendelea nazo. Lakini bila kinyozi anayeaminiwa mtaani, mfamasia huyo angempima nani?