Basi la Dar es Salaam hadi Nairobi: huduma nzuri, isipokuwa penye ukaguzi wa hati

Kampuni ninayoizungumzia, ambayo sitaitaja jina, huondoka alfajiri katika Stendi ya Magufuli, Mbezi, kuelekea Nairobi kupitia Chalinze, Moshi, Arusha na Namanga. Viti ni vipana, dereva hakukimbizana na mtu, na kila mzigo ulipewa namba kabla ya kupakiwa. Kwa upande huo sina la kulalamikia, ukiacha bei ya chai pale tuliposimama kula.

Ofisini wanapokata tiketi hawamwelezi abiria kwamba kitambulisho cha NIDA hakimvushi Mtanzania. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 kuwaruhusu raia wao kuvukiana kwa vitambulisho, lakini sisi hatumo katika mpango huo. Ni pasipoti au hati ya dharura ya safari. Hilo lingeweza kuchapishwa nyuma ya tiketi likaisha.

Kubwa zaidi lilitokea kwenye kizuizi kimoja kabla ya mpaka. Maofisa walipopanda, hata kabla hawajauliza lolote, konda alimnyooshea kidole mama mmoja mwenye sura ya Kisomali, aliyekuwa na wanawe wawili, akamtaka atoe hati. Sisi wengine tuliachwa na pasipoti zetu mifukoni. Mama yule, mfanyabiashara wa Kariakoo, alimwuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona umeniita mimi peke yangu?" Konda akajibu kwamba hataki basi lichelewe. Pasipoti yake ilikuwa ya Tanzania na haikuwa na kasoro yoyote, hata hivyo alishushwa na kuhojiwa kwa muda mrefu huku watoto wakichungulia dirishani, na basi likachelewa vilevile.

Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu kubaguliwa na mtu mwingine au na mamlaka, na miongoni mwa misingi ya ubaguzi inayotajwa humo ni kabila, rangi na mahali mtu alipotoka. Wala jambo hili si la kwetu tu. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1975 kwamba askari wa doria ya mpakani hawawezi kusimamisha gari kwa sababu tu waliomo wanafanana na Wameksiko, ingawa mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo iliwapa nafasi pana zaidi kwenye vizuizi vya kudumu. Mwaka 2020 kampuni ya mabasi ya Greyhound ilitangaza kwamba haitawaruhusu tena maofisa hao kupekua mabasi yake bila hati ya mahakama. Sidai kampuni zetu zifike huko, kwani sheria zetu ni nyingine. Ninachodai ni konda asijigeuze mpambe wa wakaguzi dhidi ya abiria aliyelipa nauli sawa na wengine.

Namanga penyewe, katika kituo cha pamoja kilichozinduliwa Desemba 2018, mambo yalikuwa tofauti: foleni moja, mhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja, na kila abiria akafungua pasipoti yake, mimi na mama yule tukiwa tumefuatana.

Kwa starehe ya safari naipa kampuni hii nyota nne kati ya tano. Kwa jinsi inavyowatendea abiria wake penye ukaguzi, naipa moja. Hadi makonda wake watakapoagizwa kuwatangazia abiria wote watoe hati kwa pamoja, tiketi yangu nitaikata dirisha jingine.