Kompyuta ya chesi: kabla hujalipa, angalia inavyokosea

Mwaka jana nilitoka Moshi mpaka Arusha kumtafutia mwanangu kompyuta ya chesi. Dukani nikapewa ubao wa kubonyeza (kila hatua unabonyeza mraba ili mashine ijue), nikaambiwa ngazi ya kwanza ni ya watoto. Jioni tukaufungua mezani. Hatua kumi na moja mashine ilicheza vizuri, farasi wametoka, mfalme yuko salama pembeni. Ya kumi na mbili ikampeleka malkia, kete yenye nguvu kuliko zote, mbele ya kitunda, kete dhaifu kuliko zote, bure kabisa! Mtoto akamla, akashangilia. Mchezo wa pili, vilevile. Baada ya wiki tatu alikuwa hachezi tena, anasubiri zawadi. Alipokutana na mjomba wake, ambaye hagawi malkia, alifungwa mara nne mfululizo, akalia.

Ndiyo maana siangalii wingi wa ngazi wala nguvu. Nguvu zote zinazo: Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov tangu 1997, na leo simu yako tu inatosha kumfunga bingwa. Shida ni pale mashine inaposhushwa ngazi. Nyingi huambiwa zichague hatua mbovu kwa kubahatisha, basi zinacheza kama bingwa, ghafla kama mlevi. Mtu anayejifunza hakosei hivyo. Yeye husahau askofu aliye kona ya mbali, au haoni farasi anayetishia kete mbili kwa mpigo. Hayo ndiyo makosa mtoto anayopaswa kujua kuyaadhibu.

Kwangu ya kwanza ni DGT Centaur, na sifichi kwamba naipenda. Inafuata kiwango chako yenyewe mchezo ukiendelea, kwa hiyo huhangaiki na namba za ngazi. Hubonyezi kitu: unasogeza kete, ubao unajua, na taa zinakuonyesha hatua yake. Ina betri ya kuchaji, na kwa umeme wetu unavyokatika hilo si dogo. Kasoro yake ni kwamba haitambui kete ipi ni ipi, inafuatilia tu zilipoanzia, kwa hiyo mtoto akizivuruga mnapanga upya.

Ya pili ni Millennium ChessGenius. Programu yake ni kazi ya Richard Lang, na ChessGenius ndiyo iliyomtoa Kasparov kwenye mashindano ya mchezo wa haraka London mwaka 1994. Ni mpinzani wa kweli, ila ni ya kubonyeza kila mraba, na vidole vidogo vinachoka.

Kama hela haipo, usinunue ubao wa bei rahisi. Ingia Lichess, tovuti ya chesi, kwenye simu, bure, ucheze na Maia, programu iliyofundishwa kwa michezo ya watu, hivyo inakosea kama watu. Ubaya ni bando, na mtoto kukodolea skrini.

Wauzaji ndio wanaoniumiza. Nilirudi na ubao wangu, nikajibiwa bidhaa ikishauzwa hairudi. Boksi hawakulifungua, betri hawana, na aliyeniuzia hajui hata farasi anaendaje, lakini bei alinitajia bila kupepesa macho. Mama, hela ni yako. Nenda na betri zako, sema lifunguliwe hapo hapo kaunta, weka ngazi ya chini, cheza hatua ishirini. Malkia akija bure kwa kitunda, warudishie boksi lao kabla hujatoa hata shilingi.